Kungoja Majina

Kungoja nako ni kazi. Mkulima hungoja mvua, mzazi hungoja habari za mtoto aliye mbali, na mgonjwa hungoja kuche. Katika kungoja huko kote mtu anakijua anachokingoja, na yumkini ana haki nacho. Lakini kuna kungoja kwingine ambako kila mwaka, ufikapo mwisho wa mwezi wa Juni, huwakalisha watu wazima barazani tangu jua la asubuhi hata taa za usiku. Nako ni kungoja majina ya wachezaji wa mpira waliosajiliwa. Wangojao hawajapata kuonana na watu hao, fedha iliyowanunua hawakuitoa, na vilabu vilivyowanunua viko mbali nao kwa mwendo wa mchana kutwa na usiku kucha wa basi. Hata hivyo hungoja kama watu wanaongoja mgeni wa nyumbani mwao.

Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, watu walingoja hivyo Rwamishenye. Rwamishenye ni kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, na baraza yenyewe ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, kando ya barabara. Julai katika nchi ya Wahaya ni mwezi wa kahawa. Mbele ya nyumba nyingi buni ilikuwa imetandazwa juani juu ya mikeka na maturubai, na harufu yake ilikuwa imeenea kila mahali. Vijana wa pikipiki walikuwa wameziegesha chini ya mti. Wateja walipita wakiita, wakaambiwa wasubiri kidogo. Mama mmoja, jirani ya fundi, alikuwa akiigeuza buni yake kwa reki, mgongo wake ukiwaelekea wanaume wale. Barazani palikuwa na benchi moja, na juu ya benchi, mahali pa heshima karibu na mlango, alikaa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amestaafu zamani, lakini jina la kazi halikustaafu pamoja naye. Alifundisha shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, na nusu ya wale vijana wa pikipiki walikuwa wamepita mikononi mwake. Kila aliyefika alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," ndipo akauliza, "Wameshatangaza?" Fundi mwenye baraza alikuwa mtoto wa dada yake, na wawili hao waliitana mjomba, kama ilivyo desturi. Walipendana katika mambo yote isipokuwa moja: Mwalimu alikuwa mtu wa Simba, na fundi alikuwa mtu wa Yanga.

Asiyezaliwa Tanzania huenda akadhani hilo ni jambo dogo. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili Dar es Salaam, na tangu hapo nchi imegawanyika kati ya mtaa wa Jangwani na mtaa wa Msimbazi, hata katika vijiji ambavyo wakazi wake hawajapata kuiona bahari. Mwalimu aliipenda timu yake ingali ikiitwa Sunderland. Mwaka 1971 jina lilibadilishwa ikawa Simba, naye hakubadilika. Enzi hizo habari zilifika kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mawe ya redio yalipochoka aliyaanika juani kama buni ili yapate nguvu ya dakika tisini tu. Alizikariri orodha za wachezaji kama alivyokariri tenzi, akianza na mlinda mlango na kuishia na wa pembeni kushoto. Alipokosa usingizi aliwapanga uwanjani mmoja mmoja, na aghalabu alilala kabla hajafika kwa washambuliaji.

Siku hizi majina hayaji kwa redio. Huja kwa simu, tena hayaji mara moja. Klabu hutangulia kutoa picha ya kivuli cha mtu, au mgongo usio na namba, au maneno machache ya mafumbo, na watu huanza kukisia. Hapo ndipo kazi ya baraza inapoanza. Mmoja atasema anaujua mguu ule, mwingine atasema ameambiwa na ndugu yake aliyeko Kariakoo kwamba mtu huyo ameonekana uwanja wa ndege. Kila mmoja huwa na mjumbe wake wa siri, na hakuna mjumbe anayeulizwa kesho yake kwa nini alikosea. Pindi jina litolewapo, wote huwa na neno la kusema kwa papo hapo: huyu ni mzee, huyu ni wa benchi, huyu ametupiga bao, huyu tumewapiga nao. Hukumu hutolewa kabla mchezaji hajafunga kamba za viatu. Ajabu ni kwamba watu hao hao, anaponunua mmoja wao ng'ombe, humzunguka mnyama mara tatu na kumtazama meno kabla hawajafungua kinywa.

Jina lililongojwa Jumatatu ile lilikuwa limeshanong'onwa kwa siku nyingi, na hakuna mtu wa Simba aliyekubali kulisadiki. Clatous Chama, Mzambia, alifika Simba mwaka 2018. Alikuwa kiungo mwenye utulivu wa mtu anayetembea shambani mwake, na watu walimwita Mwamba wa Lusaka. Mwaka 2021 aliuzwa Morocco kwa klabu ya RS Berkane, na Januari 2022 alirudi Msimbazi, akapokewa kama mwana aliyepotea. Sasa mkataba wake ulikuwa umefika ukingoni. Mwalimu alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba mtu aliyekwisha kuondoka na kurudi hawezi kuondoka tena, kwa maana amekwisha kujua nje kukoje.

Kijana mmoja wa pikipiki ndiye aliyeiona kwanza. Hakupiga kelele. Aliitazama simu, akaisogeza karibu na macho, akaitazama tena, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kaenda."

"Nani?"

"Chama. Amevaa ya kijani."

Kwa muda mfupi hapakusikika kitu isipokuwa reki ya yule mama juu ya buni. Kisha fundi akaruka kutoka kwenye cherehani, na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaikimbilia barabara mikono juu. Wenzake wa Yanga walipiga honi za pikipiki zote kwa pamoja. Mtu mmoja alitoka duka la jirani akicheza, mfuko wa unga mkononi. Upande wa Simba palikuwa na namna nyingine ya makelele. Kijana mmoja alisema ni picha ya uongo iliyotengenezwa. Wa pili alisema ni kweli, lakini mtu huyo alikuwa amekwisha kuzeeka na Yanga wamebeba gunia tupu, ijapokuwa juzi tu alikuwa amesema kwamba bila mtu huyo hakuna Simba. Wa tatu alivua fulana yake nyekundu, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka chini ya kiti cha pikipiki, akabaki na singlendi katika upepo wa ziwa. Hakuna aliyemcheka.

Mwalimu hakusema neno. Fundi aliporudi akihema, akamkuta mjomba wake ameinamisha macho, furaha yake ikapungua ghafla. Akaketi karibu naye. "Pole, Mjomba," akasema, na hakuwa na mzaha. Mwalimu akajibu, "Ahsante, Mjomba," kama anavyojibu mtu aliyefiwa.

Inafaa kuuliza kilichokufa hapo ni kitu gani. Chama hakufa, wala hakuiba. Alitimiza mkataba wake hata siku ya mwisho, akawa huru, akatafuta kazi pengine kama afanyavyo fundi wa nyumba. Mwalimu mwenyewe alihamishwa shule mara kadhaa katika utumishi wake, na mara moja aliomba uhamisho yeye mwenyewe kwa ajili ya nyumba nzuri zaidi, wala wanafunzi aliowaacha hawakumwita msaliti. Hapana shaka aliyafahamu hayo yote. Lakini kufahamu ni jambo moja na kutoumia ni jambo jingine.

Wahaya wa zamani walikuwa na udugu wa kunywana. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walipotaka kuwa ndugu, walichanjwa, na damu yao ikapakwa katika punje mbili za buni zilizotoka katika ganda moja, kila mmoja akala ya mwenzake. Punje ya buni ilichaguliwa kwa sababu mbili hukaa katika nyumba moja, uso kwa uso, na hakuna ijuayo kuishi peke yake. Udugu huo haukuwa na tarehe ya mwisho. Mshabiki hufunga udugu wa namna hiyo na timu, lakini huufunga peke yake. Hula punje yake na kuiacha ya pili mkononi, akidhani mwenzake atakuja kuila. Mchezaji ana mkataba usio na udugu, mshabiki ana udugu usio na mkataba, na siku ya usajili ndiyo siku wawili hao wanapoonyeshana walichonacho. Hapana mwenye kosa. Hata hivyo mmoja huondoka na mwingine hubaki na punje mkononi.

Huenda mambo yangeishia hapo, na baraza ingerudia utani wake, kama yule mama wa buni asingeinua mgongo. Alikuwa amesikiliza muda wote. Aliegemea reki yake, akauliza kwa heshima, bila ya kumtazama mtu mmoja, "Na sisi wa hapa, waitu? Kagera Sugar wamemsajili nani?"

Vijana walitazamana. Mmoja aliingia katika simu yake, akatafuta, akatoka na mikono mitupu. Fundi alisema bado hawajatangaza. Mwingine alisema wale hutangaza baadaye, wakubwa wakiisha kuchagua. Hapo mama akamgeukia Mwalimu, kwa kuwa Mwalimu ndiye aliyejua orodha. "Basi waliopo ni akina nani, Mwalimu? Mtoto wangu huwaokotea mipira pale Kaitaba, naye huwataja kila siku, lakini mimi nasahau."

Mwalimu alianza kuhesabu kwa vidole. Alitaja wa kwanza, akamtaja wa pili. Kwa wa tatu alisita. Alipofika wa nne, kijana mmoja alimwambia kwa upole kwamba huyo alikwisha kuondoka. Mwalimu akakikunja kidole kile, akautazama mkono wake. Mtu aliyeweza kuwapanga Sunderland wote kumi na mmoja gizani, na ambaye kutoka nyumbani kwake hata uwanja wa Kaitaba ni safari ya pikipiki ya dakika chache, hakuweza kujaza vidole vya mkono mmoja kwa majina ya timu ya mkoa wake. Alisema, "Nimezeeka." Lakini hakuna aliyeamini kwamba ni uzee, na yeye alikuwa wa mwisho kuamini.

Kagera Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari kilichoko wilaya ya Missenyi, nayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo jina la mkoa katika Ligi Kuu. Haikuwa timu ya kudharauliwa. Tarehe 19 Mei 2018, katika Uwanja wa Taifa, Simba ilikuwa imekwisha kuutwaa ubingwa bila ya kufungwa na mtu, na Rais John Magufuli alikuwapo kuikabidhi kombe. Timu iliyoifunga siku hiyo, bao moja kwa bila, mbele ya Rais na mbele ya kombe lenyewe, ilikuwa Kagera Sugar. Januari 2022 iliifunga tena Simba bao moja kwa bila, safari hii Kaitaba, na mfungaji alikuwa Hamis Kiiza wa Uganda, ambaye zamani aliwahi kuvaa jezi ya Yanga na ya Simba pia. Siku hizo mbili Mwalimu alihuzunika. Alitoka mtu wa nyumbani kwake, akamshinda mtu wa mbali, naye akamlilia wa mbali.

Wala si timu isiyozalisha. Mwaka 2017 Mbaraka Yusuph alitoka Kagera Sugar akaenda Azam. Mwaka 2021 Yusuph Mhilu alitoka huko huko akaenda Simba, na mwaka uliofuata Nassoro Kapama akafuata njia ile ile. Mwalimu aliyashangilia majina mawili ya mwisho yalipotangazwa, barazani pale pale, kama mali mpya iliyoingia nyumbani. Hakuwaza kwamba mali hiyo ilitoka mlango wa nyuma wa nyumba ile ile.

Jioni ile mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko, alimkuta babu yake amenyamaza akapenda kumchangamsha. Akamsimulia habari za Marekani. Alimkumbusha Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 2009 aliitwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mpira wa kikapu, akachukuliwa na timu ya Memphis Grizzlies. Mwalimu alilikumbuka jina. Hakuwa amejua kwa nini neno "wa pili" lilikuwa na maana kubwa.

Mjukuu akaeleza. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira kwa mikono, desturi hiyo ilianza mwaka 1936 katika mji wa Philadelphia. Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, aliona kwamba vijana hodari wa vyuo walikuwa wakizifuata timu tajiri zile zile kila mwaka, na timu dhaifu, ikiwamo yake, zilikuwa zikididimia. Akapendekeza kwamba vijana wote waandikwe katika orodha moja, na timu zichague kwa zamu, zamu ya kwanza ikiwa ya timu iliyoshika mkia. Siku hizi uteuzi huo ni sikukuu. Aprili 2024 ulifanyika Detroit kwa siku tatu, na waliohudhuria walihesabiwa zaidi ya laki saba. Hakuchezwa mpira hata mmoja. Walikwenda kusikia majina, wakashangilia, wakazomea, wakalia mbele ya watu.

"Kama sisi barazani," Mwalimu akasema.

"Kama nyinyi barazani, Babu, ila kwao aliyeshindwa ndiye huchagua kwanza."

Mzee aliyarudia maneno hayo polepole. Ilimshangaza kwamba mwaka 1936, mwaka ule ule wa kuasisiwa timu aipendayo, watu wa mbali walikuwa wamekaa wakatunga sheria ya kumpa mnyonge kijiko cha kwanza. Katika nchi yake desturi haijaandikwa, lakini kila mtu anaijua: Simba na Yanga huchagua, Azam huchagua, kisha wengine huokota. Tena Marekani timu ya mwisho haishushwi. Hubaki ligini, ikapewa dawa. Huku wa mwisho hushushwa, na akishashuka, wachezaji wake hodari huondoka kabla ya magoli hayajavuliwa nyavu.

Lakini mjukuu hakutaka babu yake aondoke na nusu ya habari. Akamweleza na ubaya wake. Kijana aliyeteuliwa hawezi kupatana na timu nyingine isipokuwa ile iliyomtaja. Kule Philadelphia, wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, na hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi ile, maana hawakuelewana ujira, akaenda kufanya kazi nyingine. Chama alikuwa na hiari ya kwenda atakako. Kwa Wamarekani timu dhaifu ina mlinzi na mchezaji ana kamba, kwetu mchezaji hana kamba na timu dhaifu haina mlinzi. Kila taifa limeamua ni nani atakayelipa gharama.

Mwalimu aliwaza sana juu ya hayo, na fikira zake, kama za Mhaya yeyote mwezi wa Julai, zilirudi katika kahawa. Iko biashara iitwayo butura, ambayo serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Mkulima mwenye shida, ada ya shule au ugonjwa, humwendea mwenye fedha wakati mibuni ingali na maua. Huuza kahawa isiyoiva, kwa bei ya shida yake, siyo bei ya kahawa. Mavuno yafikapo, mke na watoto huchuma, huanika na kuigeuza, lakini si yao tena. Mnunuzi hana hila nyingine ila subira na fedha, na mkulima hana kosa lingine ila njaa. Mwalimu aliwahi kuwakemea wazazi wa wanafunzi wake kwa kuuza butura. Sasa alijiuliza kama naye hakuwa miaka hii yote upande wa mnunuzi, akishangilia kila ua lililotoka Kaitaba.

Walakini hakutaka kujidanganya. Kijana wa Kagera Sugar aitwaye na Simba hupata ujira mkubwa zaidi, hujenga nyumba ya mama yake, husafiri kwa ndege kwenda kucheza na Waarabu wa kaskazini. Nani angemwambia abaki ili wazee wa Rwamishenye wapate kulikariri jina lake? Mwalimu hakuona ubaya wa kijana kuondoka. Kilichomsumbua ni kwamba kijana yule alikaa mjini pao misimu kadhaa, akanunua ndizi katika soko lao, na hakuna aliyemngoja siku alipofika, wala aliyevua fulana siku alipoondoka. Jina lake lilipata uzito lilipotamkwa na watu wa Msimbazi. Timu ya nyumbani ilikuwa imepungukiwa fedha, ni kweli, na fedha si kazi ya mshabiki. Lakini ilikuwa imepungukiwa pia watu wa kuingoja, na hiyo ndiyo kazi pekee ya mshabiki.

Msimu wa 2024/25 ulipita. Yanga ilitwaa ubingwa, na fundi alishona bendera ya kijani na njano kwa vitambaa vya mabaki. Kagera Sugar ilimaliza katika nafasi mbili za chini, ikashuka daraja pamoja na KenGold ya Mbeya. Habari hiyo ilifika barazani siku moja na habari nyingine nyingi, na haikupigiwa honi. Yule mama aliisikia kwa mwanawe. Kisha mwaka huo huo wa 2025 Chama aliondoka Yanga, akaenda Singida Black Stars. Furaha ya upande mmoja na msiba wa upande wa pili ilikuwa imedumu mwaka mmoja, sawasawa na umri wa mkataba.

Ulipofika tena mwezi wa Julai, buni ilikuwa juani, na watu walikuwa barazani wakingoja. Mwalimu alikuwapo, mahali pake karibu na mlango. Mapenzi ya miaka zaidi ya hamsini hayaachwi kwa sababu mtu ameyatafakari, naye hakusema kwamba ameiacha Simba. Jina jipya lilipotajwa aliuliza umri wake na nchi yake kama zamani, na fundi akamtania kama zamani. Lakini saa kumi alasiri alisimama, akachukua fimbo yake.

"Wapi tena, Mjomba? Wako karibu kutangaza mwingine."

"Mtaniambia," akasema.

Kijana mmoja wa pikipiki, ndiye yule aliyeikunja fulana mwaka uliopita, alimteremsha hata Kaitaba na kukataa nauli. Hapakuwa na mashindano siku hiyo. Vijana wachache walikuwa wakifanya mazoezi juu ya nyasi za bandia, na watazamaji hawakufika kumi. Mwalimu alikaa katika daraja ya chini. Karibu naye alikuwako mtoto wa yule mama, mwokota mipira, ameyaning'iniza miguu.

Mzee alitoa mfukoni daftari la shule na kalamu. Alichora mistari kwa kutumia fimbo yake, kama alivyozoea kuchora ubaoni, akaandika namba kutoka moja hata kumi na moja. Kisha akamwonyesha mtoto mlinda mlango aliyekuwa akijinyoosha mbele ya goli.

"Yule anaitwa nani?"

Mtoto akataja jina. Mwalimu akaliandika kwa hati nzuri, akamwomba amtajie tena, ili asikosee herufi.